Waliorudi Bila Barua

Bei ya kahawa ikipanda, simu huanza kulia Kamachumu, Nshamba na Rubya. Mwaka 2024 robusta ilivuka dola 5,000 za Marekani kwa tani katika soko la London, na robusta ya Tanzania karibu yote hutoka Kagera. Bei ya namna hiyo humkumbusha mwenye kiwanda cha kukoboa watu aliokwisha kuwasahau: fundi aliyeijua mashine, karani wa mizani aliyekijua kila chama cha msingi kuanzia Muhutwe, mama aliyesimamia meza ya kuchambua. Hutafuta namba zao, akawaita kwa maneno matamu. Wengi huitika, maana Januari ina ada za shule na kibanja peke yake hakizimudu.

Sina ugomvi na wito huo. Mtu aliyetumikia mahali miaka mingi anajua mambo ambayo hayajaandikwa popote, na kumrudisha ni busara kuliko kuokota mgeni na kuanza naye moja. Ninachokipinga kwa moyo wangu wote ni kumrudisha mtu bila kumaliza yale yaliyomtoa. Kisa kifuatacho ni cha mfano. Kiwanda na watu wake msivitafute kwenye barabara ya Bukoba kwenda Muleba. Nimevitunga ili nisimwanike mtu. Sheria, bei na historia iliyomo ni ya kweli.

Mkoa wetu umezoea kuondoa watu kazini na kuwaita tena. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilifunga soko la sangara wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa habari za sumu kutumika kuvulia samaki, na viwanda vya minofu kuzunguka ziwa vikasimamisha watu hadi soko lilipofunguka. Kwenye kahawa, msimu wa 2018/19 serikali iliagiza zao lote lipitie vyama vya ushirika, wanunuzi binafsi wasiende tena moja kwa moja kwa mkulima. Sitaingia katika ubishi wa agizo lile. Itoshe kusema kwamba palipokuwa na yadi yenye malori, pakawa na yadi tupu na mishahara ya kulipa.

Kiwanda cha kisa chetu kilikuwa na yadi ya namna hiyo, mwendo mfupi kutoka Kemondo. Fundi wake mkuu aliajiriwa 2005. Mwaka 2019, akiwa na miaka 14 kazini, uongozi ukaamua kupunguza watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za uendeshaji atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, kisha akae na wafanyakazi au chama chao wajadiliane: je, upunguzaji unaweza kuepukwa, nani ataondoka, kwa kigezo gani, atalipwa nini. Pale hakuna aliyekaa na mtu. Watu tisa waliitwa ofisini mmoja mmoja siku ya mshahara, kila mmoja akatoka na bahasha. Katika bahasha ya fundi mlikuwa na mshahara wa mwezi, nusu ya kiinua mgongo, na kipande cha karatasi chenye mhuri kilichosema kwamba salio litalipwa hali ikiruhusu.

Hesabu ya kiinua mgongo haihitaji msomi. Ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili wa utumishi mfululizo, na hesabu inakoma kwenye miaka 10. Fundi alistahili siku 70, hata kama alitumikia miaka 14. Akalipwa 35. Cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri ampe kila anayeondoka, hakupewa, naye hakujua kwamba ni haki yake.

Hakwenda kulalamika. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ukichelewa, huna budi kuomba kwanza uongezewe muda, na ueleze sababu nzito ya kuchelewa kwako. Mkewe alimwambia aende mjini akaulize. "Hawa ni watu wangu," akajibu. "Nitawapelekaje mbele ya serikali kwa siku 35?" Siku 30 zikaisha akipalilia migomba. Alipokuja kuuliza habari za akiba yake NSSF, akakuta michango ya miezi saba ya mwisho haikuwahi kupelekwa, ilhali makato yalionekana kwenye hati zake za mshahara. Hilo lilimuuma kuliko ile nusu. Nusu aliambiwa ataisubiri. Michango, fedha yake mwenyewe iliyokatwa kwenye jasho lake, hakuambiwa kitu.

Miaka mitano baadaye simu ikalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Ni meneja wa kiwanda, waitu. Msimu umekuwa mzito, mashine inatusumbua. Rudi nyumbani."

Meneja huyo alikuwa mgeni, hajatimiza miaka miwili pale. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kahawa ya maganda imejaa ghalani, mnunuzi anamsukuma, na kijana anayeendesha mashine amekwama na chekeche linaloziba kila saa. Jina la fundi alilipata kwa wapagazi, ambao kila mashine ilipokwama walisema, angekuwepo mzee. Hakuwahi kufungua jalada la mtu anayempigia simu. Ninaweka kidole hapo kwa sababu ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa: kabati lilikuwa nyuma yake, funguo mezani.

Fundi alifika na wenzake watano. Akauliza mambo matatu kwa upole wa mtu mzima. Salio langu la 2019 liko wapi? Michango yangu ya NSSF mtaipeleka lini? Na sasa hapa mimi ni nani, maana kuna kijana kwenye mashine? Meneja akasema hayo yote yatazungumzwa msimu ukitulia, na mkataba wataandikishana baadaye. Akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwonyesha mashine. Mzee akavaa ovaroli.

Sheria ileile ya 2004 inatenganisha njia za kumrudisha mtu aliyeachishwa isivyo halali. Moja ni kumrejesha kazini kana kwamba hakuwahi kuondoka, bila kupoteza mshahara wa kipindi alichokuwa nje. Nyingine ni kumwajiri upya kwa masharti yatakayopangwa. Fundi wetu hakuwa na amri ya mtu yeyote mkononi, kwa hiyo yeye na meneja walikuwa huru kuchagua. Hawakuchagua. Akawa amerudi tu. Mtu aliyerejeshwa anaendelea kuhesabu miaka yake tangu 2005. Aliyeajiriwa upya anaanza sifuri, na ya zamani yanapaswa kufungwa kwa malipo. Aliyerudi tu anaamini moyoni mwake kwamba yuko katika fungu la kwanza, huku bosi wake akiamini yuko katika la pili, na wote wawili wanafanya kazi pamoja kwa tabasamu.

Serikali yenyewe ilipita katika jambo hili mbele ya macho yetu. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti, na watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa. Katika uhakiki huohuo waliangukia pia watumishi wa darasa la saba ambao hawakughushi chochote: madereva, watendaji wa vijiji, wahudumu. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza bungeni kwamba walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004, tarehe iliyoanza sharti la elimu ya kidato cha nne, warudi kazini na walipwe mishahara ya muda waliokaa nje. Watu waliumia katika mwaka ule, na hakuna fedha inayorudisha usiku wa mtu aliyelala bila kujua kesho. Hata hivyo tangazo lile lilikuwa na tarehe na lilitaja fedha. Dereva aliyerudi alijua amerudi kama nani. Kiwanda cha watu 40 hakina kisingizio cha kushindwa kuandika aya mbili za namna hiyo.

Sasa nimgeukie kijana wa mashine, kwa sababu katika habari za waliorudi, waliobaki husahaulika. Huyu aliajiriwa 2019, wiki chache baada ya fundi kuondolewa, kwa mshahara uliokaribia nusu ya ule wa mzee. Mashine alijifunza peke yake, kwa kukosea. Vidole vyake viwili vilipata makovu pale. Miaka mitano alilala kiwandani misimu ya mvua, akihangaika na visu vilivyochakaa kwa sababu hakuna aliyemnunulia vipya. Siku fundi alipoingia, hakuna aliyemwita kijana pembeni na kumwambia lolote. Alimkuta mtu mzima amesimama kwenye nafasi yake, akasalimia, akasogea.

Mwisho wa mwezi mhasibu akaacha karatasi ya mishahara kwenye mashine ya kunakili. Kijana akaiona. Mzee wa wiki tatu alikuwa anamzidi yeye wa miaka mitano, na visu vipya, alivyoomba misimu miwili, vilikuwa vimenunuliwa siku ya tatu baada ya mzee kuvitaja. Hakugombana. Aliacha kuuliza maswali. Ukiwa na kiwanda, ogopa siku kijana wako wa mashine atakapoacha kuuliza maswali.

Kwenye meza za kuchambua mambo yalikuwa hivyohivyo, kwa sauti ya chini zaidi. Msimamizi wa zamani, aliyekuwa mwajiriwa wa mwezi tangu 2006, alirudishwa kama kibarua wa kulipwa kwa gunia. Juu yake palikaa binti aliyemfundisha mwenyewe kutenga punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, na zilizovunjika. Binti alikuwa na adabu. "Shangazi, kaa hapa karibu yangu kwenye mwanga," alimwambia siku ya kwanza, akamwachia kiti chake. Mama akakaa, akachambua, magunia yake yakahesabiwa. Ila ule ujuzi wa kutazama meza nzima na kujua kwamba mzigo huu umechanganywa na wa msimu uliopita, aliufungia mdomoni. Analipwa kwa gunia. Kutazama meza nzima hakumo katika gunia.

Kisha ikaja mvua.

Lori lilitoka upande wa Muleba jioni, maganda ya chama kimoja cha msingi, turubai limepasuka nyuma. Kahawa ya maganda iliyokauka sawasawa ukiitikisa kwenye ngumi karibu na sikio utasikia punje inacheza ndani ya ganda. Iliyo na maji hukaa kimya. Fundi alipita getini, akachota konzi moja kwenye gunia la nyuma kabisa, akaitikisa. Kimya. Akachota nyingine. Kimya. Karani mgeni alikuwa ameshaweka kipimo cha unyevu kwenye sampuli ya gunia la mbele, kikasoma 13, akaandika. Fundi alijua kwamba kipimo kile hakijarekebishwa, na kwamba siku za mvua husoma chini ya ukweli. Zamani angepiga kelele hadi Kemondo wasikie. Angefunga mashine, angeamuru magunia yashushwe na kumwagwa kwenye turubai ghalani, asubuhi yaanikwe. Aliwahi kumfokea mkurugenzi kwa jambo hilohilo, na mkurugenzi akamshukuru.

Safari hii alisimama na ile kahawa mkononi. Alikuwa na miezi minne kazini. Barua hana. Akisimamisha mzigo na ikatokea amekosea, nani atamtetea? Akisimamisha na akawa sahihi, kijana wa mashine atasema mzee anataka kumwonyesha hajui kazi. Akatazama upande wa kijana. Kijana alikuwa amemwona akitikisa, na alielewa vizuri maana yake. Akainamisha kichwa kwenye mkanda wa mashine. Mzee akairudisha kahawa kwenye gunia, akaenda kunawa.

Watu hupenda kumlaumu fundi hapa, na sehemu ya lawama ni yake. Kahawa ile ilikuwa ya wakulima, na kunyamaza kwake hakukumwadhibu meneja peke yake. Lakini mwajiri aliyemwambia mtu "rudi nyumbani" na kumnyima hata karatasi ya kuonyesha yeye ni nani, asitegemee mtu huyo atazuia lori la mzigo usiku kwa mamlaka ambayo hakupewa.

Maganda yalikobolewa usiku ule. Ganda bichi likanata kwenye chekeche, punje zikapondwa, na zile zilizotoka nzima zikaingia kwenye magunia zikiwa na maji yake. Wiki tatu baadaye magunia yalipofunguliwa kwa ajili ya mnunuzi, harufu ya ukungu ilitangulia. Mnunuzi akachota, akanusa, akarudisha. Lori zima likakataliwa katika msimu wa bei nzuri kama ile. Mama wa meza ya kuchambua alipoulizwa kama hakuona kitu, akajibu kwamba aliona, na kwamba hakuna aliyemuuliza.

Meneja, kwa hasira na kwa woga wa wakubwa zake, akamwambia fundi mbele ya wapagazi asirudi kesho. Mdomo mtupu, kama alivyomleta. Mara hii mzee hakurudi kupalilia migomba. Siku ya sita alikuwa Bukoba mjini, ofisi za Tume, pamoja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na faili la plastiki ambalo mkewe alikuwa akilitunza juu ya kabati tangu 2019.

Upande wa kiwanda ulikuja na hoja iliyoonekana nzito. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake, na huyu ana miezi mitano kasoro siku. Mwakilishi wa chama akaomba kifungu kisomwe chote. Kinazungumzia miezi sita kwa mwajiri yuleyule, uwe mkataba mmoja au zaidi. Halafu akaweka mezani hati ya mshahara ya mwezi uliopita. Namba ya mfanyakazi iliyochapwa juu ilikuwa ile ya 2005. Mhasibu, kwa kuwa hakupewa barua yoyote ya ajira mpya, alikuwa amefufua jina la zamani kwenye kompyuta na kuendelea.

Msuluhishi hatoi hukumu. Kazi yake ni kuwasaidia wenye mgogoro wapatane, na wasipopatana shauri linasonga kwenye uamuzi. Huyu aliuliza swali moja tu, akimtazama meneja: mzee huyu kwenu ni mfanyakazi wa tangu 2005, au ni wa tangu Juni? Meneja akafungua mdomo, akamtazama ofisa utumishi wake. Wakisema 2005, wanakiri miaka 14 na deni lake. Wakisema Juni, wanakiri kwamba ajira ya kwanza iliisha na hawakuifunga, siku 35 hazijalipwa, michango haijapelekwa, na karatasi yenye mhuri wao ipo pale mezani. Kwa dai la 2019 peke yake muda ulikwisha kumpita mzee. Wao wenyewe, kwa kumrudisha bila kuandika kitu, walikuwa wamelirudisha mezani.

Walipatana siku hiyohiyo. Kiwanda kikalipa salio la kiinua mgongo, kikapeleka michango ya miezi saba pamoja na nyongeza ya kuchelewesha, kikalipa mishahara kadhaa juu yake na kutoa cheti cha utumishi. Kilicholipwa chote hakikufika thamani ya magunia 10 ya lile lori.

Kijana wa mashine aliondoka mwezi uleule, bila ugomvi, kwa ujumbe mfupi wa simu. Kiwanda kikamaliza msimu kwa fundi wa kukodi kutoka Mwanza, aliyelipwa kwa siku, chakula na nyumba ya wageni juu. Mama wa meza ya kuchambua alibaki hadi gunia la mwisho, akachukua fedha yake akaenda zake.

Meneja, na hili nampa heshima yake, alijifunza. Mwezi Desemba, watu wakikesha kukamata senene, alipanda gari hadi Kamachumu na barua imeshaandikwa: cheo, mshahara, tarehe ya kuanza utumishi 2005, nani anaripoti kwa nani. Akakaribishwa ndani, akapewa kahawa ya kutafuna na kiti kizuri. Mzee akaisoma barua yote hadi saini, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Umeandika vizuri mwanangu. Mimi nimeshasaini kwingine, hadi Oktoba nina watu. Mfuate yule kijana, yuko kwao Muhutwe, mashine ile anaijua kuliko unavyodhani. Ila hiyo barua yake umpe kabla hajapanda kwenye gari lako, na umwandikie 2019."